Kichwa cha treni kinavuma lakini hakisogei: usiguse sumaku

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa baharia, na katika vitu alivyotuachia hapa Mombasa kuna boksi la treni ndogo ya umeme lililoandikwa Tri-ang Hornby. Kichwa chake ni cheusi, kina magurudumu sita. Transfoma ya zamani waya wake ulikuwa umeoza, nikanunua nyingine iliyotumika. Nikiwasha, kichwa kinavuma kama nyuki na kutetemeka, lakini hakisogei hata kidogo. Baada ya dakika moja hivi kinapata joto na kutoa harufu. Kaka yangu aliwahi kuyatoa magurudumu akayasafisha, akayarudisha. Fundi redio wa mtaani ananiambia niifungue mota yote, nitoe sumaku, nisugue ndani kwa msasa. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Nianze na ulichoniuliza: hapana. Sumaku usiitoe na msasa usiutumie. Pia, kuanzia sasa usikiwashe tena kichwa hicho mpaka umalize kusoma hapa, maana ile harufu ni vanishi inayofunika waya wa koili (waya uliosokotwa ndani ya mota) ikianza kuungua, na koili ikishaungua kazi inakuwa nyingine kabisa.

Huyo fundi redio simlaumu. Mota nyingi ndogo zinazopita mikononi mwake ni za kisasa, na sumaku zake zinavumilia mengi. Yako ni ya zamani. Kampuni ya Tri-ang iliichukua Meccano, wenye jina la Hornby, mwaka 1964. Majina hayo mawili yakawekwa pamoja kwenye maboksi kuanzia 1965, na ilipofika 1972 likabaki jina la Hornby Railways. Kwa hiyo boksi la baba ni la kati ya 1965 na 1971, na treni hiyo imetoka Margate, mji wa pwani ya kusini mashariki ya Uingereza. Kwa maelezo yako naona kichwa chenyewe ni kile ambacho wapenzi wa treni hizi hukiita Jinty, na mota iliyomo itakuwa ile inayojulikana kama X04. Nimezishika nyingi. Ni mota ya wazi, isiyo na kopo la kuifunika: unaiona amecha, ile sehemu inayozunguka, yenye koili tatu, unaiona komyuteta, ile sehemu ya shaba inayopokea umeme kutoka kwa kaboni, yenye vipande vitatu, unaziona kaboni mbili zikiibana huku na huku, na bonge la sumaku limekaa upande mmoja. Ni mota ngumu kufa, ndiyo maana nina matumaini makubwa na yako.

Sasa turudi kwenye ule mvumo, kwa sababu ndio unaonipa jibu. Mota iliyokatika waya inakaa kimya. Kaboni isiyogusa haina sauti. Reli yenye kutu haina sauti. Mota inayovuma, kutetemeka na kupata joto inapata umeme, tena wa kutosha, ila umeme huo haujui unaipeleka wapi. Ndipo nikajiuliza: ile transfoma uliyoinunua, nyaya za reli umezifunga wapi?

Transfoma nyingi za treni za enzi hizo zina njia mbili za kutolea umeme. Moja ni ya kuendeshea treni: volti 12 za DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja, zinazopanda na kushuka unapozungusha swichi ya mwendo. Nyingine ni ya taa na vifaa vya pembeni kama mota za kubadilisha njia za reli, nayo hutoa volti 15 au 16 za AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo, wakati wote, hata ukiizungusha swichi vipi. Mota yenye sumaku ya kudumu kama yako inataka DC. Ukiipa DC inakwenda mbele, ukigeuza nyaya inarudi nyuma. Ukiipa AC kutoka umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, mwelekeo unabadilika mara 100 kila sekunde: nenda, rudi, nenda, rudi. Amecha haiwahi hata kuanza safari. Inabaki kutetemeka papo hapo na kuvuma kama nyuki, na umeme wote unageuka joto ndani ya koili.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kifaa. Kumbuka tu: ulipokuwa unazungusha swichi ya mwendo, mvumo ulibadilika? Kama ulikuwa ule ule, swichi iko chini au juu, basi umefunga nyaya upande wa AC. Hakikisha kwa mita ya kupimia umeme, kichwa kikiwa kimeondolewa relini. Weka mita kwenye volti za DC na uguse reli zote mbili. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri huku swichi imefunguliwa yote, hamishia kwenye volti za AC. Ikikupa 15, 16 au zaidi kidogo, mgonjwa wetu tumempata, na si mota. Anza na DC kama nilivyosema, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu zikiwekwa kwenye AC zinasoma uongo zinapokutana na DC, na zitakuchanganya.

Kama transfoma uliyouziwa ni ya kisasa ya kidijitali, zile ambazo kila kichwa cha treni huwa na chipu yake ndani, matokeo yanafanana sana. Mfumo huo nao unapeleka umeme unaogeukageuka relini muda wote, na kichwa cha zamani kisicho na chipu kitavuma na kupata joto hata kikiwa kimesimama. Irudishe dukani au uiuze. Kichwa cha baba kinahitaji kidhibiti cha kawaida cha DC.

Neno moja kuhusu ile transfoma ya zamani yenye waya uliooza. Najua inatia moyo kwamba soketi za Kenya na zile za Uingereza ni za aina moja na volti zake ni zile zile, hivyo plagi inaingia bila adapta. Usiichomeke. Mpira wa nyaya za miaka ile hukauka na kumeguka, na sehemu uliyoiona imeoza ni ile ya nje tu. Ndani ya kasha huwezi kuona. Huo ni umeme wa volti 240, hauna uhusiano na mchezo. Iweke kabatini kama kumbukumbu.

Kama tatizo lilikuwa AC, hamisha nyaya kwenda upande wa DC, lakini usikirudishe kichwa relini kwa pupa. Kimeshapata joto, na sijui kimekaa miaka mingapi bila kuzunguka. Kipime kwanza kwa njia ninayoipenda kuliko zote, ambayo vifaa vyake unavipata kwa fundi yeyote wa bodaboda: betri ya volti 12 ya pikipiki na taa ya indiketa ya wati 10. Funga taa hiyo katikati, waya mmoja wa betri upitie kwenye taa kwanza ndipo uende kwenye mota, na waya wa pili uende moja kwa moja. Betri yenyewe inaweza kumwaga umeme mwingi wa kuyeyusha waya, lakini taa ya wati 10 haitaruhusu kupita zaidi ya ampea moja hivi, hata pakiwa na shoti kamili. Na taa hiyo inazungumza. Mota ikizunguka na taa ikabaki na wekundu hafifu au isionekane kuwaka kabisa, mota ni nzima. Taa ikiwaka kwa mwanga wake wote na mota kimya, una shoti. Taa ikiwaka wastani huku mota imesimama, umeme unapita kwenye koili lakini kuna kitu kimeishika amecha. Taa isipowaka kabisa wakati miunganisho yako ni mizuri, njia imekatika mahali.

Fanya kipimo hicho mara mbili. Kwanza gusa nyaya kwenye magurudumu, upande wa kulia na wa kushoto, kichwa kikiwa chali. Kisha fungua bodi ya plastiki na uguse zile kaboni mbili moja kwa moja. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayokuambia kama ugonjwa uko ndani ya mota au kwenye njia ya kuifikia.

Hapa nina wasiwasi na kazi ya kaka yako. Katika vichwa vya Tri-ang vya namna hii, chesisi yenyewe, ule mwili wa chuma unaobeba magurudumu na mota, ni waya. Magurudumu ya upande mmoja hayana kizuizi: umeme unatoka relini, unapita kwenye gurudumu, kwenye ekseli, unaingia kwenye chesisi, na chesisi inaufikisha kwenye kaboni moja. Magurudumu ya upande wa pili yametenganishwa na ekseli kwa plastiki, na umeme wake unachukuliwa na bamba jembamba la shaba linalogusa magurudumu, kisha unapanda kwa waya hadi kaboni ya pili. Sasa mtu akitoa ekseli tatu, akazisafisha vizuri kwa mapenzi yake yote, akarudisha moja ikiwa imegeuzwa, chesisi inakuwa imeunganishwa na reli zote mbili. Hiyo ni shoti, na mota haitapata kitu. Kiangalie kichwa kikiwa chali: plastiki ya kutenganisha lazima iwe upande mmoja kwa magurudumu yote matatu. Weka mita kwenye sehemu ya mlio, upime kati ya kila gurudumu na chesisi. Upande mmoja wote ulie, upande mwingine wote unyamaze, baada ya kulisogeza lile bamba la shaba lisiguse.

Shoti ya pili ninayokutana nayo mara kwa mara imejificha kwenye springi. Kaboni za X04 zinabanwa na springi moja ya waya iliyokunjwa kama kibanio cha nywele, mguu mmoja kwa kila kaboni. Mguu mmoja unagusa upande wa chesisi. Wa pili lazima uvae kimrija cha plastiki, na mguu huo ndio unaokaa upande wa kaboni iliyotenganishwa, ile yenye waya kutoka kwenye bamba la shaba. Kimrija kikipasuka kwa uzee, au mtu akairudisha springi kinyume, springi yenyewe inaunganisha kaboni mbili na umeme unapita njia ya mkato bila kuzijali koili. Nimewahi kuletewa mota iliyokuwa imehukumiwa kufa na watu wawili kabla yangu. Nilikata milimita chache za ganda la waya mwembamba, nikalichomeka kwenye mguu wa springi, ikazunguka pale pale. Angalia pia kama kuna kapasita ndogo iliyofungwa kwenye mota. Iliwekwa kuzuia treni isichafue picha za televisheni jirani. Zikizeeka nyingine hupiga shoti. Itoe upande mmoja wakati wa kupima. Mota inakwenda bila hiyo.

Ikiwa taa inawaka wastani na amecha haizunguki, tatizo ni mafuta yaliyoganda. Mafuta ya miaka hamsini hayawi mafuta tena, yanakuwa gundi ya kahawia, na unyevu wa chumvi wa Mombasa unamalizia kwa kutu kwenye shafti. Tumia kidole kuizungusha amecha taratibu. Usijaribu kamwe kuizungusha kwa kusukuma magurudumu. Kwenye shafti kuna gia yenye umbo la skrubu, nayo huzungusha magurudumu lakini haikubali kuzungushwa nayo. Ukilazimisha unavunja meno. Amecha ikiwa ngumu, fungua skrubu inayoishikilia mota uitoe nzima kwenye chesisi, bila kuitenganisha. Ikilegea baada ya kutoka, basi kilichoganda kiko kwenye gia na ekseli. Ikibaki ngumu, ni bushi za mota zenyewe, yaani matundu yanayoishika shafti. Kwa vyote viwili tiba ni spiriti kwenye pamba ya masikio, uvumilivu, na ukishaona chuma kimekuwa safi, tone moja tu la mafuta ya cherehani kwa kila bushi. Zile dawa za kupuliza za kulegeza nati zilizoshika kutu usizitumie: zinaenea kila mahali na kuacha utando kwenye komyuteta.

Na komyuteta ndiyo sehemu inayohitaji mkono mpole zaidi. Ifute kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe na shaba ing'ae. Kisha chukua kijiti cha meno upitishe kwenye ile mifereji mitatu inayotenganisha vipande. Unga wa kaboni ukichanganyika na mafuta unakuwa uji mweusi unaopitisha umeme, na ukijaa mferejini unaunganisha vipande ambavyo havipaswi kugusana. Nimeona mota zilizokuwa zikila umeme mara mbili zikirudi katika hali yake kwa kazi hiyo ya kijiti peke yake. Msasa unaacha mikwaruzo inayozila kaboni, na punje zake zinabaki kwenye mifereji. Pamba ya chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuzi zake zinavutwa na sumaku na kujificha pale usipoweza kuzitoa. Kaboni zenyewe, zikiwa zimebaki fupi kiasi kwamba vikono vya shaba vinakaribia komyuteta, badilisha. Za X04 bado zinauzwa mtandaoni, pamoja na springi zake.

Baada ya hapo pima koili, maana zimepata joto. Kwanza ziangalie: waya wenye afya una rangi ya shaba au kahawia nyekundu inayong'aa, ulioungua ni mweusi na mkavu. Kisha inua kaboni zisiguse, weka mita kwenye omu, upime kati ya kipande cha kwanza na cha pili cha komyuteta, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba yenyewe isikusumbue sana. Ninachotaka ni vipimo vitatu vinavyofanana. Kimoja kikiwa juu sana kuliko viwili, waya umekatika, na mara nyingi umekatikia pale ulipochomewa lehemu kwenye komyuteta, ambapo unaweza kuuchomea tena kwa mkono mtulivu. Kimoja kikiwa chini sana, koili ina shoti ndani. Halafu gusa komyuteta na shafti: mita isilie kabisa. Ikilia, vanishi imeshaungua na koili inagusa chuma. Hapo unahitaji amecha nyingine au kuisuka upya. Amecha ya X04 nimezisuka, ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua, lakini kwa mara ya kwanza nakushauri utafute mota nzima iliyotumika. Zilitengenezwa kwa wingi sana na si adimu.

Nimalizie na sumaku, kwa sababu nataka uelewe ninachokukataza. Sumaku ya X04 ni ya aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Sumaku za namna hiyo zina nguvu nzuri zikiwa zimefungwa ndani ya chuma, pale ambapo nguvu yake inatoka upande mmoja, inapita kwenye chuma na amecha, na kurudi upande wa pili. Ukiichomoa ikabaki hewani, mzunguko huo unavunjika na sumaku inapoteza sehemu ya nguvu yake hapo hapo. Ukiirudisha, nguvu hairudi nayo. Mwanzoni mwa kazi hii niliitoa sumaku ya mota iliyokuwa inakwenda vizuri, ili tu niisafishe. Ilirudi ikiwa safi, ikizunguka kwa kelele na joto, na haikuweza tena kuvuta mabehewa mawili. Ilikuwa ya mtu, na nilisikitika sana. Baadaye nilijifunza kwamba anayelazimika kuitoa huweka kwanza kipande cha chuma laini kinachounganisha pande zake mbili, ndipo aichomoe pamoja nacho. Wewe hulazimiki.

Unaweza kuipima ikiwa pale pale ilipo. Zungusha amecha kwa kidole: utahisi inavutwa na kuachia, hatua kwa hatua. Mivuto hiyo ikiwa dhahiri, sumaku iko hai. Ikiwa amecha inateleza kama haina sumaku kabisa, imechoka, na mota itakuwa inakula umeme mwingi bila nguvu. Mezani kwangu X04 nzima ikizunguka bila mzigo hula robo ampea hivi kwenye volti 12. Nikiona inapita nusu ampea baada ya kusafishwa, sumaku ndiyo ninayoishuku. Hata hilo lina dawa: kuna wenye kifaa cha kuichaji upya bila kuifungua mota, na kuna sumaku mpya za neodimi zilizokatwa kwa vipimo vya X04.

Kwa hiyo, mwanangu, anza na mita kwenye reli, kisha angalia ekseli za kaka yako, kisha ile springi, na usafishe. Kama nimekisia sawa, kazi itaishia hapo. Mota ikishazunguka kwenye betri na taa, irudishe kwenye chesisi, kigeuze kichwa chali juu ya taulo, na ukiendeshe kwa DC ya mwendo wa wastani dakika kumi upande mmoja na kumi upande mwingine, ukiigusa mota kila baada ya dakika mbili. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa kidole, zima, uniandikie vile vipimo vitatu vya komyuteta na jinsi taa ilivyowaka.